Kabla ya Kuandika "Hakuna"

Kinyama kikishakatwa kwenye uvimbe, muda unaanza kukila. Tuseme ni cha mtoto wa Mnyuzi aliyepelekwa zahanati kwa meno yanayocheza, kisha hospitali ya Magunga mjini Korogwe, kisha ya Bombo kule Tanga, na kila kituo taya limezidi kuvimba. Daktari anashuku limfoma ya Burkitt, saratani inayopenda nchi za joto na malaria kama hili bonde la Pangani. Anakata kipande chembamba, unene usiozidi nusu sentimita ili dawa ipenye mpaka katikati, na kukitumbukiza kwenye formalini inayokizidi ujazo mara kumi. Kisha anapaswa kuandika kwenye fomu saa aliyokikata. Mstari huo wa saa ndio wengi huuacha wazi, na ndio wa kwanza kusomwa na fundi sanifu wa maabara ya patholojia chupa ikimfikia.

Reli ya kutoka Ruvu inaungana na ya Tanga hapo Mnyuzi tangu 1963, lakini chupa kama hii siku hizi haingoji treni. Inapanda basi kupitia Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam. Humo ndani mna kitu kisichopenda safari ndefu: RNA.

RNA anayoitafuta fundi ni ya kirusi cha Epstein-Barr, kinachopatikana ndani ya seli za uvimbe huu. Tumezoea kufundishwa kwamba RNA ni tarishi, hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Hizi mbili, EBER1 na EBER2, hazitengenezi protini yoyote. Zilielezwa mwaka 1981 na timu ya Joan Steitz huko Marekani. Ni fupi, moja ina herufi 167 na nyingine 172, lakini seli iliyoingiliwa na kirusi huzirundika ndani ya kiini chake, nakala zaidi ya milioni moja. Wingi huo ndio msaada wa fundi. Udhaifu wake ni kwamba vimeng'enya vinavyokatakata RNA viko kila mahali: kwenye jasho la vidole, kwenye mate ya mtu anayeongea juu ya meza, kwenye maji ya bomba. Ndiyo maana glavu hubadilishwa hata pale ambapo kwa macho ya mgeni hazijachafuka.

Kinyama kimeshapitishwa kwenye spiriti, kikaondolewa maji, kikazamishwa ndani ya nta ya parafini na kugandishwa kuwa bloku. Fundi anailaza bloku kifudifudi juu ya barafu ili nta ikaze. Anaifunga kwenye maikrotomu, anaweka wembe mpya, maana wembe uliokata bloku ya mgonjwa mwingine unaweza kubeba chembe zake. Anazungusha gurudumu kwanza kwa mikato minene, mpaka uso wote wa kinyama utokeze. Halafu anashusha kipimo hadi mikromita 4. Gawa milimita moja mara 250, sehemu moja ndiyo unene anaotaka. Mkono unabadilika hapo. Gurudumu linakwenda kwa mwendo mmoja, bila kusita na bila haraka, na vipande vinatoka vimeshikana ncha kwa ncha, utepe mweupe unaotetema kwa pumzi tu. Akisita katikati ya mzunguko, kipande kinachofuata kitakuwa kinene upande mmoja.

Utepe unawekwa juu ya maji ya uvuguvugu, nyuzijoto zaidi ya 40 kidogo. Nta inalegea, mikunjo inajinyoosha yenyewe. Fundi anatelezesha slaidi chini ya maji kwa mshazari na kuinyanyua polepole, kama anayeopoa utandu wa maziwa bila kuuchana. Kisha anapitisha karatasi safi juu ya maji yote, kona hadi kona, kabla ya kugusa bloku nyingine. Chembe moja iliyobaki ikielea inaweza kunasa kwenye slaidi ya mtu asiye na kirusi na kumpa ugonjwa wa jirani. Nadhani hapa ndipo ungemjua fundi bora kwa haraka zaidi, kuliko hata kwenye wembe: mtazame anavyosafisha maji pasipo mtu wa kumkagua.

Slaidi zinakaa kwenye oveni ili kinyama kishike kioo. Nta inayeyushwa kwa zailini, zailini inaondolewa kwa spiriti kali, kisha hafifu, kisha maji. Inafuata hatua ngumu kuliko zote. Formalini imezifunga protini za seli zikawa wavu, na ndani ya wavu huo RNA imesalimika lakini haifikiki. Fundi anadondosha kimeng'enya kinachomega protini. Kikikaa muda mfupi, mlango haufunguki. Kikizidi, seli zinayeyuka na viini vinapotea. Muda sahihi unategemea kinyama kililala kwenye formalini kwa saa ngapi, na hapo ule mstari wa fomu unadai haki yake. Ukiwa wazi, fundi anakata slaidi tatu za ziada na kuzipa dakika tofauti, kisha anachagua ile iliyobaki na sura.

Sasa inawekwa probu: uzi mfupi uliotengenezwa kinyume cha herufi za EBER, ili ukikutana nazo zishikane. Kwa vifaa vya kampuni moja joto ni nyuzi 37, kwa vya nyingine ni 55. Chemba hutiwa unyevu, kwa sababu tone likikauka pembeni hapo patachukua rangi ya uongo. Hakuna la kuharakisha, hata kama wodini kuna uvimbe ambao seli zake zinaweza kujizidisha maradufu kwa siku moja au mbili.

Kungoja kinyama si jambo geni katika ugonjwa huu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago nchini Uganda, aliuandika mwaka 1958. Vinyama kutoka Uganda vikawa vinarushwa London kwa Anthony Epstein, ambaye alivichunguza bila kuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliielekeza ndege Manchester, na chupa ilipomfikia maji yake yalikuwa na ukungu pia. Mwingine angeyamwaga akidhani ni bakteria. Epstein alitazama tone lake kwanza, akakuta seli za uvimbe zilizo hai zinaelea. Kutokana na seli hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi mwaka 1964.

Probu iliyozidi huoshwa, rangi inakuzwa. Penye EBER kiini kinageuka buluu inayokaribia weusi, na penginepo panapakwa waridi hafifu. Fundi hasogelei slaidi ya mtoto kwanza. Anaanza na slaidi ya uvimbe unaojulikana kuwa na kirusi, kisha usiokuwa nacho. Halafu anatazama kipande cha pili cha mtoto yuleyule, kilichopewa probu ya RNA ambayo kila seli ya binadamu inayo. Hiki kikikosa buluu, RNA ilikufa njiani, na kukosekana kwa buluu kwenye slaidi ya EBER hakuna maana yoyote. Fundi asiyeweka kipande hiki ataandika "hakuna kirusi" siku nyingi bila wasiwasi, huku akiwa hajui anachokisema.

Mtaalamu wa patholojia anasoma kwa hadubini. Rangi iliyo nje ya kiini haihesabiwi. Seli moja moja za buluu zilizotawanyika hazimtoshi pia, kwa kuwa karibu kila mtu wa pande zetu amebeba kirusi hiki tangu utotoni. Anataka kuziona seli za uvimbe wenyewe zikiwa zimejaa buluu. Kwa Burkitt ya watoto wa Afrika Mashariki karibu zote hujaa, kwa hiyo alama hiyo huthibitisha ugonjwa kuliko kubashiri mwisho wake. Kwa mtu mzima mwenye limfoma ya seli kubwa za B ni habari nyingine: tafiti kadhaa zimeihusisha na maisha mafupi zaidi baada ya tiba, na daktari anapenda kulijua hilo mapema.

Kuna kazi changa zaidi, ya kusoma RNA za kirusi kwenye damu bila kukata kinyama. Inahusu mikroRNA, zenye herufi kama 22 tu, ambazo ziligunduliwa kwenye mnyoo wa milimita moja mwaka 1993 na kuwapa Victor Ambros na Gary Ruvkun tuzo ya Nobel mwaka 2024. Za kirusi zilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na kirusi chenyewe kilikuwa hiki hiki. Bado ni shughuli ya utafiti zaidi kuliko ya wodini, ila nidhamu yake ni ileile. Kabla ya kuchuja RNA, fundi anaongeza kwenye plazma kipimo anachokijua cha mikroRNA ya mnyoo, ambayo binadamu hana, ili mwishoni ajue ni kiasi gani kimempotea mikononi.

Na kabla ya hapo anainua mrija dhidi ya mwanga. Plazma nzuri ina rangi ya majani makavu. Ikiwa na wekundu, chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga mikroRNA zao, na mashine itazihesabu kwa utiifu kana kwamba zilikuwemo tangu mwanzo. Mrija huo haufanyiwi kazi. Anaandika sababu, anapiga simu wodini, na kumwomba muuguzi atoe damu upya kwa sindano pana kidogo, asiivute kwa nguvu na asiutikise mrija njiani.