Masharubu Chini ya Wigi

Mwaka 1984 Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alionekana kwenye video ya bendi yake, Queen, amevaa wigi na sketi ya ngozi, akisukuma mashine ya kufyonza vumbi. Masharubu hakuyanyoa. Wenzake watatu nao walivaa kike. Uingereza watu walicheka. Marekani wengi walikunja uso.

Baadhi ya wanaume wanaovaa kike jukwaani, katika kumbi kama Royal Vauxhall Tavern kusini mwa London, humuenzi Freddie kwa kazi. Na ni kazi hasa. Nyusi hulazwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke. Kisha poda, ndipo nyusi mpya zichorwe juu zaidi. Sponji iliyochongwa kwa mkono huwekwa nyongani, ikabanwa kwa soksi za nailoni mbili tatu ili kingo zake zisionekane. Taa zikiwaka, jasho huanza kuilegeza gundi ya wigi, na mchuchumio haumwonei mtu huruma. Anayemwiga Freddie ana mtihani zaidi: masharubu juu ya rangi ya mdomo, kile kijiti cha maikrofoni kisicho na kitako, na midomo ifuate kila pumzi ya sauti ile, maana mashabiki wameihifadhi na hawasamehe.

Mavazi wengi hujinunulia au hujishonea, na wigi moja nzuri inaweza kumeza malipo ya usiku mzima. Ukienda kuwatazama, cheka upendavyo, lakini kiingilio ulipe.