Kwa nini dawa ya minyoo ianze mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2

Ratiba ya madaktari wa mifugo ya kuwapa watoto wa mbwa dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, kisha 4, 6 na 8, huonekana kama haraka isiyo na sababu. Mazoea ni kungoja mtoto aachishwe kunyonya, au tumbo livimbe na manyoya yafifie, ndipo mtu aende duka la dawa za mifugo. Lakini minyoo aina ya Toxocara canis haingoji mtoto ale uchafu. Mabuu yake hujificha kwenye misuli na viungo vya mama kwa muda mrefu; mimba ikikaribia siku ya 42 huamka na kupenya kondo la nyuma hadi kwa watoto walio tumboni. Mengine hufuata kwenye maziwa. Mtoto akifikisha wiki 3 hivi, minyoo imeshakomaa utumboni, na jike mmoja aweza kutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Dawa kama piranteli huua minyoo iliyo utumboni tu, haiyafikii mabuu yanayopita kwenye ini na mapafu. Hivyo dozi ya kwanza huondoa iliyofika, na ya wiki 2 baadaye huiwahi iliyokuwa njiani kabla haijaanza kutaga. Mama anywe dawa siku hizohizo, kwa kuwa anaponyonyesha naye huweza kutoa mayai.

Atasema mtu kwamba mama alishapewa dawa kabla ya kupandwa. Dozi hiyo ya kawaida haiui mabuu yaliyolala mwilini. Kumpa fenbendazoli kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku 14 baada ya kuzaa hupunguza sana maambukizi, ila ni tiba ndefu inayohitaji usimamizi wa daktari. Gharama nayo isitishe: dawa hupimwa kwa uzito, na mtoto wa wiki 2 ni mwepesi mno. Ninachokiogopa zaidi ni kukadiria kwa jicho dawa ya mbuzi. Levamisoli, kwa mfano, huweza kumdhuru mbwa hata dozi ikizidi kidogo.

Upande wa usafi, nguvu nyingi hupotelea kwenye jiki, ambayo haiyaui mayai haya. Ganda lake ni gumu, na kwenye udongo huweza kuishi miaka. Udhaifu wake uko kwenye muda: yai lililotoka leo haliambukizi, huhitaji wiki moja au zaidi kwenye joto na unyevu ili buu likue ndani. Anayezoa kinyesi kila siku amewahi. Songea, mvua za Desemba hadi Aprili huweka udongo wa kivulini na unyevu wa kutosha, kwa hiyo miezi hiyo haifai kuruka hata siku moja. Kinyesi kizolewe kwa koleo kabla ya kufagia, maana ufagio hukisambaza ua mzima, kisha kitupwe chooni, kamwe si kwenye tuta la mchicha. Sakafu ya saruji imwagiwe maji yanayochemka. Safura ya mbwa ina kasi zaidi, mabuu yake huwa tayari kwa siku chache na hupenya ngozi ya mguu mtupu. Kwa bahati jua na ukavu huyaua, kwa hiyo banda likae panapopigwa na jua.

Pingamizi zito ni la mbwa wa majirani wanaopita uani. Ni kweli, ila mbwa wakubwa wengi huwa wamejenga kinga. Mayai mengi zaidi hutoka kwa watoto wachanga, nao wamo ndani ya ua wako. Wanaoumia ni watoto wa watu. Mwaka 1952 Paul Beaver na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa mabuu haya huzurura kwenye ini la mtoto aliyemeza mayai; huweza pia kufika jichoni. Kwa kuwa hayakomai ndani ya binadamu, kipimo cha choo hakiyaoni, na dozi moja ya albendazoli inayotolewa shuleni inalenga minyoo mingine. Anayechukua mtoto wa mbwa wa wiki 8 apewe tarehe ya dozi ya mwisho, aendelee kila mwezi hadi miezi 6.