Mililita Mbili za Maziwa

Mililita mbili za maziwa hazijazi hata kijiko cha chai. Kwa mtoto njiti wa gramu 1,100, aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 29, huo ni mlo, na muuguzi anayeijua kazi yake hautoi kwa pupa. Huchomoa kisukumio cha bomba la sindano, huliunganisha bomba na mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni, humimina maziwa aliyokamua mama, kisha hulinyanyua juu kidogo ya mtoto na kuyaacha yashuke yenyewe. Yakienda mbio, hulishusha. Yakigoma, husubiri. Wakati wote huo macho yake yako kwa mtoto: midomo ina rangi gani, kifua kinapanda vipi, tumbo limevimba au limelala. Baada ya saa mbili atarudia yote, na baada ya mbili nyingine tena, usiku na mchana.

Nimewahi kukaa katika wodi ya njiti nikiwatazama watu hawa, na heshima niliyotoka nayo haijapungua. Hata mpira wenyewe una adabu yake. Kabla ya kuuingiza, muuguzi huupima nje ya mwili: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya kitovu na mwisho wa mfupa wa kifua. Ukiwa mfupi, maziwa yanaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu.

Mtoto wa umri huu husahau kupumua. Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa, ndiyo maana hupewa kafeini, hiyohiyo iliyomo katika kahawa, ili ichangamke. Hata hivyo pumzi itakatika siku moja na kengele italia. Mgeni wa kazi hushtuka na kukimbilia vifaa. Mzoefu hutanguliza mkono: huusugua unyayo au mgongo wa mtoto taratibu, na mara nyingi hilo hutosha, kifua kinaanza tena. Lisipotosha, vifaa viko tayari pembeni.

Kwa mtoto ambaye mapafu yake hayajiwezi kuna sipapu (CPAP), kifaa cha kumsaidia kupumua. Hewa hupitia puani mwake, na mwisho wa mrija umezamishwa katika chupa ya maji. Kina cha sentimita tano au sita ndicho kipimo cha msukumo unaozuia mapafu yasisinyae. Maji hububujika mfululizo, na sikio la muuguzi hujifunza mlio huo hata akiwa amempa mgongo mtoto. Ukikoma, hewa inavuja: kifaa kimechomoka puani au mdomo umeachama. Akikikaza mno, ukuta wa pua unachubuka. Na oksijeni ina mpaka wake. Katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya njiti walipofuka kwa kupewa oksijeni bila kiasi, nao walizaliwa katika hospitali zenye vifaa bora kuliko zote za wakati huo.

Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote wodini ni kifua cha mama. Mwaka 1978, mjini Bogotá, daktari Edgar Rey aliyeelemewa na uhaba wa mashine za joto aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, njia iliyokuja kuitwa kangaruu. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, kunapunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa robo. Kinachobaki ni mikono ya kumhamisha mtoto pamoja na mipira yake yote, kumkunja miguu kama ya chura, kumgeuza kichwa upande bila shingo kupinda, kisha kukaza kitenge huku mama akitetemeka kwa hofu ya kumvunja.

Kuanzia wiki ya 32 hadi ya 34 ya umri wa mimba mtoto huanza kuweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Hapa ndipo haraka huponza. Kikombe kidogo huguswa mdomoni tu, mtoto ajilambie, hamiminiwi. Akitanua vidole, akinyoosha mkono kana kwamba anazuia kitu, amechoka, na kiasi kilichobaki hupitia mpirani. Nimemsikia muuguzi akimwambia mama aliyesononeka, "Leo kapanda gramu 15, mama. Hizo ni nyingi." Kwa uzito ule, alikuwa anasema kweli tupu.

Linaloniuma ni kwamba katika hospitali nyingi muuguzi aliyefikia kiwango hiki huhamishiwa wodi nyingine kwa zamu ya kawaida, kana kwamba sikio lile litapatikana kwa semina ya siku mbili.

Ruhusa ya kurudi nyumbani haitolewi kwa uzito peke yake. Mtoto awe ananyonya, awe anapanda siku kadhaa mfululizo, na mama awe amefanya kila kitu mwenyewe huku muuguzi akimtazama. Halafu yaja maswali.

"Akiacha kunyonya ghafla?"

"Namleta, sista, hata kama ni usiku."

"Akiwa wa baridi?"

"Namleta."

"Njiani unambebaje?"

"Kifuani, ngozi kwa ngozi. Na kofia."

"Haya. Kliniki ni wiki ijayo."