Da-da-da ya Biryogo

Nilikaribishwa mkekani Biryogo, upande wa Nyamirambo, ambako watu walizungumza Kiswahili miaka mingi kabla hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mbele yangu mtoto wa miezi minane aliegemezwa mto, akifanya kazi. "Ba-ba-ba-ba." Akanyamaza, akaikazia macho midomo ya bibi yake. "Da-da-da."

Nasema kazi, na ndivyo ninavyomaanisha. Miezi ya kwanza mtoto ana kilio tu, kisha vile vi-"aguu" vya shibe. Kati ya mwezi wa sita na wa kumi hivi, taya hushika mdundo: hufunguka, hufumba, sauti ikipita. Midomo ikikutana hutoka ba. Ncha ya ulimi ikigusa ufizi wa juu hutoka da. Midomo ikikutana tena, pumzi ikipitia puani, ma. Silabi ile ile hurudiwa asubuhi nzima, na hakuna anayemlazimisha. Mwanafunzi wa cherehani naye huanza hivyo, akipiga mstari mmoja juu ya kitambaa chakavu mpaka mkono uzoee, na gauni bado liko mbali.

Wala kazi hii si ya mdomo peke yake. Mwaka 1991, nchini Kanada, Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walieleza jinsi watoto viziwi waliozaliwa na wazazi wanaotumia lugha ya alama wanavyobwabwaja kwa vidole, wakirudiarudia vipande vya ishara visivyo na maana bado.

Pale mkekani, ile da-da-da ya mtoto ilizua ubishi mtamu. Dada yake wa miaka sita akaruka: "Kaniita mimi!" Baba mtu, ambaye lugha yake ni Kinyarwanda, akakataa katakata. Mtoto kasema "data", yaani baba yangu. Nilipenda alivyonieleza. Kwa Kinyarwanda "data" ni baba yangu tu. Baba yako ni "so", baba yake ni "se". Vivyo hivyo "mama" ni wangu, wako ni "nyoko". Silabi nyepesi kuliko zote zimehifadhiwa kwa yule anayemwita mzazi wake mwenyewe.

Kwa kweli mtoto hakuwa akimwita yeyote. Bibi alilijua hilo, lakini kila sauti ilipokatika aliinama na kuitika, "Karame!", kama aitikavyo kwa Kinyarwanda mtu mwenye adabu anapoitwa na mkubwa wake. Neno lenyewe lina dua ya maisha marefu ndani yake. Mtoto akasubiri, akatupa silabi nyingine, akaitikiwa tena. Hapo ndipo nilipoona ufundi wa pili, ule wa bibi: hakumkatiza hata mara moja.

Mwaka 2003, nchini Marekani, Michael Goldstein na wenzake waliwaomba akina mama wawajibu watoto wa miezi minane kwa tabasamu na mguso, papo hapo sauti inapotoka. Silabi za watoto hao zikakaribia zaidi usemi wa watu wazima. Waliopewa tabasamu hizo hizo bila kufuata sauti zao hawakubadilika hivyo.

Bibi wa Biryogo hakuhitaji kuambiwa. Nawe ukiingia nyumba yenye mtoto wa umri huo, punguza redio, keti chini, subiri amalize, kisha mwitike.