Kitabu cha Speke na Swali la Nani Mwenyeji: Uhakiki kutoka Bweranyange

Mwezi Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe akitafuta chanzo cha mto Nile. Mfalme Rumanyika Orugundu alimpokea kwa wema katika makao yake ya Bweranyange. Mwaka 1863 Speke alichapisha habari za safari yake katika kitabu Journal of the Discovery of the Source of the Nile. Kitabu hicho kinasomwa hadi leo kama chanzo cha historia ya nchi hii. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kukihakiki, hasa sura ya tisa, ambamo mwandishi anaeleza asili ya watu aliowaita Wahuma, yaani Wahima.

Speke anadai nini? Anadai kwamba wafugaji na watawala wa eneo hili ni wazao wa watu waliotoka Uhabeshi. Kwamba walikuwa mbari bora iliyoishinda mbari duni ya wakulima. Ushahidi wake mkubwa ni sura za watu. Tena hakuishia kuandika, bali alimweleza Rumanyika mwenyewe kwamba asili yake ni Uhabeshi. Mgeni wa wiki chache, aliyezungumza kwa njia ya wakalimani, akamfundisha mwenyeji wake ukoo wake!

Sasa tutazame hali halisi ya jamii ile. Karagwe ilikuwa na ufalme wa Wahinda. Walikuwapo wafugaji, wakulima wa ndizi na wahunzi. Mtawala alipokea kodi kutoka kwa raia wake, na pale Kafuro, karibu na Bweranyange, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walinunua pembe za ndovu. Mchungaji na mkulima walizungumza lugha moja. Hatusemi kwamba palikuwa peponi. Palikuwa na mtawala na mtawaliwa, mwenye ng'ombe wengi na asiye na hata mmoja. Speke aliyaona matabaka hayo kwa macho yake, lakini akayaandika kama mbari.

Kosa hilo si dogo. Tabaka hutokana na mali na madaraka, na kwa hiyo watu wanaweza kulibadili. Mbari inadaiwa kutokana na damu; hapo mnyonge huambiwa avumilie, na mwenye nacho huambiwa kwamba alizaliwa kutawala. Ndiyo maana tunaithamini kazi ya Israel Katoke, ambaye mwaka 1975 alipochapisha historia ya ufalme huo aliiita historia ya Wanyambo.

Nadharia ya Speke haikubaki maktabani. Huko Rwanda wakoloni waliishika, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Kwanza nadharia hiyo ilimpendelea Mtutsi. Baadaye ikageuzwa kuwa panga dhidi yake: kama alitoka Uhabeshi, basi ni mgeni, na arudi alikotoka. Novemba 1992 Léon Mugesera, mwanasiasa wa chama kilichotawala Rwanda wakati huo, alisema hadharani kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya mto huo huingia Kagera, ambao ndio mpaka wetu na Rwanda huku Karagwe na Kyerwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Kagera uliteremsha maiti hadi Ziwa Viktoria. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016.

Na huko kwao Speke, je? Uingereza husifu mchanganyiko wa tamaduni katika vyakula na ngoma, lakini inapofika haki ya kukaa, huuliza babu yako alizaliwa wapi. Mwaka 1968 Bunge lake lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza, wasiokuwa na mzazi wala babu wa kutoka huko. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba wazee waliotoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, na walioingia kihalali, walinyimwa kazi na matibabu, na wengine kufukuzwa nchini, kwa kukosa karatasi.

Tanganyika ilichagua njia nyingine. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa, walikuwapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi. Kwa msimamo huo maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipewa uraia mwaka 1980, na mwaka 2014 ikawa zamu ya Warundi zaidi ya 160,000 waliokuja mwaka 1972 na wazao wao.

Wapo watakaosema kwamba taifa lisilolinda mipaka yake si taifa. Ni kweli, na sheria ya uhamiaji lazima itekelezwe. Lakini katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 yalitoka malalamiko ya familia kutenganishwa, na ya watu kushukiwa kwa sura na matamshi yao. Anayempima jirani yake kwa pua na kimo anatumia kipimo cha Speke, hata kama amevaa sare ya Chama. Tena kelele za "wageni" humfaa sana kiongozi mla rushwa aliyeuza malisho ya kijiji, maana wananchi wakigombana juu ya asili hawamuulizi fedha zimekwenda wapi.

Wajibu wa kada basi ni wazi. Katika mkutano wa kijiji, swali la uraia lijibiwe kwa sheria na kumbukumbu, na mwenye shaka apewe nafasi ya kujieleza. Ugomvi wa ardhi uamuliwe kama ugomvi wa ardhi: anayelisha ng'ombe katika shamba la mwenzake ashitakiwe kwa kosa hilo, awe Mnyambo, Mhima au Msukuma. Na darasani kitabu cha Speke kisomwe, lakini kisomwe pamoja na cha Katoke, na kila mwanafunzi atakiwe kuonyesha ni wapi Mwingereza yule aliona tabaka akaandika mbari.