Kusikiliza "Unknown Pleasures": Uhakiki wa Santuri ya Joy Division

Mwalimu wa Kiswahili akipewa wimbo auhakiki, swali lake la kwanza huwa ni moja: mtunzi anasema nini? Tumezoea hivyo, kwani ushairi wetu umekaa katika maneno, na hata taarabu husikilizwa kwa ajili ya fumbo lililomo ndani yake. Santuri tunayoihakiki hapa haikubali kuanzwa kwa swali hilo. Ni Unknown Pleasures, iliyotolewa mwezi wa Juni 1979 na bendi ya Joy Division ya Manchester, Uingereza. Si ya lugha yetu wala ya bara letu, lakini twaona yawafaa wenzetu wanaofundisha fasihi simulizi.

Wanamuziki wake walikuwa vijana wanne: Ian Curtis mwimbaji, Bernard Sumner mpiga gitaa, Peter Hook mpiga besi na Stephen Morris mpiga ngoma. Walizaliwa kisanaa katika wimbi la panki, muziki wa kasi, kelele na hasira, na jukwaani nao walipiga kwa kishindo. Walipoingia studio ya Strawberry mjini Stockport, Aprili 1979, mtayarishaji wao, Martin Hannett, alikipunguza kishindo hicho, akaweka nafasi kati ya chombo na chombo. Ngoma alizirekodi mojamoja na kuzipitisha katika mtambo wa kuchelewesha sauti, hata pigo likasikika kama mlango unaofungwa mwishoni mwa ukumbi mtupu. Wimbo wa "Insight" waanza kwa mngurumo wa lifti. Katika "I Remember Nothing" twasikia vioo vikivunjika. Besi ya Hook hupanda juu na ndiyo yenye kuimba, ilhali gitaa huja na kuondoka.

Sumner na Hook hawakuridhika. Waliona nguvu zao za jukwaani zimepotezwa, na ni miaka mingi baadaye ndipo Hook alipokiri kwamba Hannett alifanya kazi nzuri. Sisi twasimama upande wa Hannett, na sababu yetu ni ya kimaandishi hasa. Maneno ya Curtis ni machache, na mara nyingi ni ya mambo yasiyoshikika: hisia, giza, umbali. Yakiandikwa ubaoni ni mepesi. Yakizungukwa na ukimya yapata uzito, kama vile mshororo unavyopata uhai msomaji anapopumua kwenye kina cha kati. Mwanafunzi asiyepumua pale huliua shairi, hata akitamka kila neno sawasawa.

Si nyimbo zote kumi zilizofaulu. "Interzone" imekaa kama mgeni aliyekosea nyumba: ni panki tupu, nayo yaikatiza hali iliyojengwa kwa subira.

Kilele, kwa maoni yetu, ni "She's Lost Control". Curtis alifanya kazi katika ofisi ya serikali iliyowasaidia watu wenye ulemavu kupata ajira, mjini Macclesfield. Alifika hapo mwanamke kijana mwenye kifafa, akitafuta kazi. Baadaye Curtis akapata habari kwamba amefariki. Wimbo watokana na mwanamke huyo. Mtunzi mwingine angelia. Hapa ngoma yapigwa bila kubadilika, kavu, kama mashine ya kiwanda, na juu yake pana sauti ya mkebe wa dawa ya kupuliza. Maneno yahusu mwili uliomwasi mwenyewe, na muziki haumwonei huruma hata kidogo. Ndivyo dunia ya ofisi na viwanda ilivyomtazama. Fani imesema lile ambalo maudhui hayakulitamka.

Curtis mwenyewe aligunduliwa kuwa na kifafa mwanzoni mwa 1979, akajiua tarehe 18 Mei 1980, akiwa na umri wa miaka 23. Tangu hapo wahakiki wengi huisikiliza santuri hii kama wasia. La hasha! Ilikuwa madukani miezi kumi na moja kabla ya kifo hicho, nayo ni kazi ya watu watano, akiwamo Hannett. Tena wasomaji wa namna hiyo wamefanya dhuluma nyingine wasiyoiona: wamemnyang'anya wimbo yule mwanamke. Wakisikia "She's Lost Control" wamwona Curtis tu, ingawa kichwa cha wimbo chenyewe chamtaja mwingine, na wa jinsia nyingine. Kiswahili hakina namna ya kuonyesha jinsia katika kiambishi "a-", hivyo mwalimu akikitafsiri kichwa hicho darasani hana budi kutamka wazi kwamba anayetajwa ni mwanamke. Asipofanya hivyo, wanafunzi nao watadhani ni mwimbaji anayejisema.