Sauti ya Mtoto wa Miaka Mitatu

Tarao ana miaka 3. Alikuwa na miaka 3 Oktoba 1969, kipindi cha katuni cha Sazae-san kilipoanza kuonyeshwa na televisheni ya Fuji nchini Japani, na ana miaka 3 hadi leo. Aliyempa sauti tangu mwanzo ni mwanamke, Sasuga Takako, na aliendelea naye hadi alipofariki Februari 2023. Kwa zaidi ya nusu karne mtu mzima, hatimaye ajuza, alisimama mbele ya kipaza sauti akazungumza kama kitoto chenye adabu kupita umri wake, na Jumapili baada ya Jumapili watu wakamwona mtoto. Huo ni ufundi wa juu kabisa, na naona haujapata sifa inayoustahili.

Sazae-san ilizaliwa gazetini. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla, mchoraji Hasegawa Machiko alianza kuichora katika gazeti moja la Fukuoka. Baadaye ikahamia Asahi Shimbun, ikadumu hadi 1974. Ni habari za mama wa nyumbani mchangamfu, msahaulifu, anayeishi na mumewe Masuo na mwanawe Tarao nyumbani kwa wazazi wake, pamoja na wadogo zake wawili, Katsuo na Wakame. Kwenye televisheni huonyeshwa Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni, hadithi tatu fupi ndani ya nusu saa. Mwaka 2013 Guinness waliitambua kuwa katuni ya televisheni iliyodumu kuliko zote duniani.

Ndani yake hakuna mauaji, mashujaa wala majini. Katsuo anaficha karatasi ya mtihani. Sazae anafika sokoni ndipo akumbuke kwamba pochi ameiacha nyumbani. Babu Namihei, babake Sazae, mwenye unywele mmoja tu utosini, ana miaka 54. Kipindi kilipoanza, Wajapani wengi walistaafu wakifika 55, kwa hiyo mzee huyu amesimama kizingitini pa pensheni yake miaka yote hii na bado kila asubuhi anakwenda kazini. Kuna watu ambao wakiisikia katuni hii inaisha huingiwa na huzuni, kwa kuwa kesho ni Jumatatu, na Wajapani huiita hali hiyo ugonjwa wa Sazae-san.

Kwa miaka 44 picha za katuni hii zilipakwa rangi kwa mkono. Mistari ya mchoro iliwekwa upande wa mbele wa karatasi angavu ya plastiki, rangi ikapakwa nyuma ili isiifunike mistari, kisha kila karatasi ikalazwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Studio nyingine zilishahamia kwenye kompyuta zamani. Eiken, watengenezaji wa Sazae-san, ndio waliokuwa wa mwisho katika televisheni ya Japani kuziacha karatasi hizo, Septemba 2013. Nawaheshimu wale wapaka rangi kwa moyo wote. Lakini kalamu ilipobadilishwa, familia ile iliendelea kuishi. Uhai wake ulikuwa umekaa kooni mwa watu zaidi ya kwenye rangi.

Studio za Japani zina desturi ya kuwarekodi waigizaji wakiwa pamoja chumba kimoja. Picha iko kwenye skrini mbele yao, maandishi mkononi, na kurasa hufunuliwa kwa uangalifu, kwa sababu mchakacho wa karatasi nao hunaswa. Mdomo uliochorwa hufunguka na kufumba tu. Haujui kukasirika wala kuona haya. Mwigizaji ndiye anayeamua kama Katsuo avute pumzi kabla ya kudanganya au adanganye kwanza ndipo pumzi imtoke, na hapo ndipo kicheko cha mtazamaji hupatikana au hupotea. Mume wa Sazae, Masuo, alipewa sauti na Masuoka Hiroshi kuanzia 1978 hadi 2019. Mshangao wake, ule mlio unaopanda hadi kukatika, uliigwa nchi nzima. Katika maandishi ulikuwa silabi moja tu. Mengine yote aliyaongeza yeye.

Watu huzeeka, basi sauti hazina budi kurithiwa, na urithi huo una njia mbili. Doraemon, katuni nyingine maarufu ya Japani, mwaka 2005 ilibadilisha waigizaji wake wakuu wote kwa mpigo. Miongoni mwa walioondoka alikuwa Ōyama Nobuyo, ambaye miaka mingi kabla alikuwa Katsuo wa kwanza kabisa. Sazae-san imefuata njia nyingine: mmoja mmoja. Nagai Ichirō, sauti ya Namihei tangu 1969, alifariki Januari 2014, nafasi yake ikashikwa na Chafurin. Katsuo amekuwa na sauti tatu, ya sasa ikiwa ya Tominaga Miina tangu 1998. Masuo vilevile amefikisha tatu.

Mimi naipenda njia hii ya pili. Anayeingia huwakuta wenyeji chumbani, huwajibu, hujua mwendo wao, kama baharia mgeni anayejifunzia kazi chombo kikiwa tayari baharini. Wiki za kwanza watazamaji hulalamika, na wana haki, maana wamepotelewa na mtu wao. Kisha siku moja Namihei anamfokea Katsuo, na mtazamaji anacheka kabla hajakumbuka kulinganisha. Hilo halipatikani kwa kumwiga marehemu. Chafurin alipaswa kuyafahamu mapenzi yaliyo ndani ya hasira ya yule mzee, kisha akasirike kwa koo lake mwenyewe.

Kipindi kimeshapita mawimbi. Kampuni ya Toshiba, iliyokidhamini tangu mwanzo, ilijitoa mwaka 2018. Mwaka 2020 gonjwa la korona lilisimamisha kurekodi, na kuanzia Mei vikarudiwa vipindi vya zamani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1975. Vyote hivyo kilivihimili. Ninachokihofia ni kishawishi kilichoanza kuvinjari katika kazi hii: kuchukua sauti za miaka 50 zilizohifadhiwa na kuiachia akili mnemba iendelee kuzisemesha. Mwaka 2024 waigizaji wa sauti wa Japani walijitokeza hadharani kupinga sauti zao kutumiwa hivyo bila idhini. Niko upande wao, na naongeza kwamba hata idhini ikipatikana, kipindi kitapata hasara. Mashine itampa Tarao sauti ya jana. Haitasikiliza Sazae wa leo amechokaje, imjibu kwa upole zaidi.

Katō Midori, sauti ya Sazae, alizaliwa mwaka 1939. Katika familia ile ni yeye tu aliyebaki kati ya walioanza 1969. Swali la mustakabali wa Sazae-san, tukilisema waziwazi, ni swali la nani atasimama mahali pake. Ningekuwa na neno mbele ya wakuu wa kipindi, ningewaomba wamwite mrithi sasa, wakati Katō bado yumo studioni, wampe kwanza sauti ya jirani au ya muuza samaki, amsikilize mkubwa wake akivuta pumzi. Na wasihangaike kumtafuta anayefanana naye. Wamtafute mwanamke mwenye kicheko chake mwenyewe.